Kikwembe cha Kilio cha Mtu Aliye Hai

Kabla hamjanisogezea tena simu zenu kunionyesha picha ya gauni, ninyi mabinti mnaojiita mafundi, nataka niwaambie habari ya metre. Metre ni ule utepe wa kupimia ambao kwenu siku hizi umekuwa mkufu. Mnauvaa shingoni ili wapita njia wajue kwamba ninyi ni washonaji, kisha mteja mnamshonea kwa kumtazama kwenye kioo cha simu. Mimi nilikaa kwenye atelie yangu hapa Kampemba mpaka macho yalipokataa kuona tundu la sindano, na mpaka leo sijaona picha inayokuambia kwapa la mtu linaanzia wapi.

Aliyenifundisha ni Papa Kabwe, mzee mkali mwenye mashini ya kukanyaga kwa mguu, aliyeweza kunusa uvivu tangu mlangoni. Nilipokuwa kwake nilimshonea bibi harusi gauni kwa vipimo nilivyovichukua siku za uchumba. Kati ya mahari na kanisa, familia ya bwana ilikuwa imemlisha vizuri yule binti. Gauni lilipita kichwani, likateremka mpaka kifuani, likagoma. Papa Kabwe hakupiga kelele. Alinipa wembe nifumue mshono baada ya mshono, shangazi wote wa bibi harusi wakinitazama, akasema:

“Ngalula, weye ulipima muntu mwenye alikuwaka. Pima ule mwenye eko.”

Kama hamtashika neno lingine katika maneno yangu, shikeni hilo. Pima aliyepo. Wapo watu wazima wenye heshima zao, wanaokaa viti vya mbele kanisani, ambao hawajalielewa mpaka leo.

Desturi zetu mnazijua. Mtu akifa katika mji huu wa Lubumbashi, kabla watoto wake hawajamaliza kulia kilio cha kwanza, akina mama wameshachagua kikwembe, yaani kitenge cha sare ya msiba. Familia ya mume ina rangi yake, familia ya mke ina yake, kanisa lina yake, na majirani wa avenue nao hawataki kuonekana maskini. Kisha wote wanatuangukia sisi: nataka kesho, nataka leo, nataka mikono ya puto. Nimeshonea vilio, yaani misiba, ambavyo marehemu alikosa mtu wa kumnunulia dawa alipokuwa anaumwa, lakini siku ya kumzika kila libaya, ile blauzi ya kikwembe, lilikuwa na lesi. Tunapenda sana kumsindikiza mtu wetu. Tatizo ni kwamba tunaanza kumsindikiza akishafika.

Malkia wa mambo hayo alikuwa Tantine Mbombo. Alikuwa mwenyekiti wa kila kamati iliyokuwa na kiti. Alikuwa pia shangazi wa Kapinga, dada wa baba yake, na huyo Kapinga ndiye ninayetaka kuwasimulia. Kapinga alikuwa mwalimu wa shule ya msingi na mwimbaji wa kwaya. Nilimshonea tangu gauni la komunyo ya kwanza, nikamwona akirefuka, akiolewa, akizaa.

Asubuhi moja ya kiangazi Tantine Mbombo aliingia kwangu, nyuma yake mtu wa mkokoteni amebeba robota la kikwembe cheusi chenye maua meupe.

“Mama Ngalula, minakuletea kazi. Utushonee mapema. Kilio ile ingine tulivaa libaya za bila vifungo. Honte, aibu!”

“Poleni sana, Tantine. Nani alikufa?”

“Hakuna mwenye alikufa.”

“Alors hii kilio ni ya nani?”

Akatazama mlangoni, akashusha sauti kama anauza petroli ya wizi.

“Kapinga. Docteur alimukuta na kansere mu ziwa.”

“Na docteur anasema nini?”

“Anasema ati njo inaanza, iko kadogo, batamupasua na kisha batamupatia dawa. Mais weye unajua. Kansere ni kansere.”

Nilimwomba arudie, nikidhani masikio yangu yamefuata macho. Alirudia. Kapinga alikuwa amegusa mwenyewe kivimbe kwenye ziwa, yaani titi, wakati anaoga, hakungoja, akaenda hospitali. Daktari alimpiga picha, akachukua kipande kidogo kwa sindano, akakipeleka kupimwa, akasema: umewahi, hii tunaweza kuitibu. Hayo ndiyo yaliyosemwa na mtu aliyesomea kazi hiyo. Tantine Mbombo, ambaye hajawahi kusomea hata upishi wake, akasikia “kansere”, akakimbia sokoni kununua kikwembe cha maombolezo. Na aliona amefanya jambo jema! Alisimama pale akingoja nimsifu.

Akina mama wa kamati yake wakaingia nyuma yake, nikaanza kuwapima. Yeye mwenyewe alitoa libaya kuukuu kwenye mkoba wake, akaniwekea mezani.

“Miye upime na ile.”

Tangu mvua zilizopita alikuwa hataki tena metre imguse. Nilidhani amenenepa na anaona haya, kama wengi. Mwanamke anaweza kukusimulia siri zote za ndoa yake lakini kiuno chake hataki ukitaje kwa sauti.

Mtaniuliza kwa nini sikumrudishia robota lake. Kwa sababu ng'ambo ya barabara kulikuwa na kijana mmoja anayemaliza kushona kabla hujamaliza kumweleza unataka nini, na Tantine angevuka tu. Nikalichukua, nikaliweka juu kabisa ya kabati. Kisha nikatumia elimu yetu ya siri. Washonaji wote ni waongo, msijidanganye, na siku hizo nilikuwa na shahada. Umeme umekatika. Mkanda wa mashini umekatika. Uzi mweusi umekwisha mjini kote. Nilimwambia hata kwamba mkasi umepelekwa kunolewa Zambia. Tantine alikubali yote, maana hajawahi kushika mkasi.

Lakini uongo wangu haukuwazuia binti zake wawili. Siku moja walikuja kupimwa, nami nimemzungushia mmoja metre kiunoni, ndipo Kapinga akaingia. Alikuwa amekuja kwa ajili ya gauni lake la buluu, la sikukuu ya kwaya. Mmoja wa wale wawili akaanza kufuta machozi, huyo huyo ambaye dakika ile alikuwa ananisumbua kuhusu mfano wa kola. Kapinga akatazama kipande cha kikwembe cheusi walichokuja nacho kama sampuli ya rangi.

“Kilio ya nani?” akauliza.

Mimi na mdomo wangu wote huu, nikaanza kukunja metre. Akatutazama mmoja baada ya mwingine, na nikaona anaelewa.

Niliwatoa wale mabinti nje, na sitawaambia kwa maneno gani, bado mnanidhania mama mwenye adabu. Kapinga alikaa kwenye benchi, mikono katikati ya magoti.

“Gauni ya buluu usishone tena,” akasema.

“Juu ya nini?”

“Kwenye maombi banasema nifunge kwanza, hospitali itakuja kisha. Ku nyumba banasema ukipasuliwa njo unakufa mbio. Na sasa kikwembe iko tayari. Mama Ngalula, kama kikwembe iko tayari, miye niende hospitali kufanya nini?”

Mungu ninamwamini, mnanijua. Watangazaji wake ndio wananichosha. Yule mtumishi wa Mungu wa nyumba ya maombi ya Kapinga, alipoumwa jino alikwenda kwa daktari wa meno siku hiyo hiyo, hakufunga hata kifungua kinywa.

Maneno ya kumtia mtu moyo si fani yangu. Kazi yangu ni kupinda na kufumua. Nikamwambia tu: “Usijibu muntu yeyote kitu mbele hatujaonana juma ya posho.” Posho ndiyo Jumamosi yetu. Akaitikia kwa kichwa, kama mtu anayemkubalia mtoto ili amwache. Niliogopa. Daktari alikuwa amempa siku ya kupasuliwa, na nilimwona akiiacha siku hiyo ipite kama basi, huku akiipungia mkono. Kile alichokiwahi, sisi tungekichelewesha kwa mdomo.

Hapa lazima niwarudishe nyuma, kwa mteja wangu mmoja wa Kipushi, Mama Mwape, mfanyabiashara wa samaki wakavu, anayevuka mpaka kwenda Zambia na kurudi. Miaka mingi kabla ya hayo, alikuja kwangu akafunga pazia yeye mwenyewe, akavua libaya, akasema: “Angalia, unishonee.” Upande wa kushoto hakukuwa na ziwa. Kulikuwa na kovu moja refu, safi. Sikujua pa kuweka macho, nikayaweka kwenye metre.

Sasa sikilizeni, hii ni kazi. Kosa langu la kwanza: nilimshonea mfuko kwa ndani, nikaujaza pamba. Pamba ni nyepesi. Siku moja anabishana na mtu wa forodha, mikono juu, ziwa likapanda taratibu mpaka begani. Mtu wa forodha alisahau alichokuwa anadai. Mama Mwape alirudi kwangu akinitukana na kucheka kwa pumzi moja. Nikajaza mtama, uzito ukawa mzuri, lakini panya wa ghala lake la samaki wakautoboa. Ndipo nikajifunza kukaanga mtama kwanza, kuushona ndani ya vitambaa viwili vigumu, na kuuzuia mfuko chini kwa mshono. Mkunjo wa kifuani, ule tunaouita pense, unaushona upande mmoja tu, upande wa pili unaukata bapa kisha unaujaza. Vifungo mbele, kwa sababu mkono wa upande ule haupandi vizuri mwanzoni. Tundu la mkono pana. Na mshono wowote usipite juu ya kovu. Hayo kwenye simu zenu hamyapati.

Kwa miaka yote hiyo sikumwambia mtu, na leo nawaambia kwa ruhusa yake. Kinachoonwa nyuma ya pazia kinabaki nyuma ya pazia, na mshonaji asiyejua hilo akauze vitumbua. Kwa hiyo sikuweza kumwambia Kapinga, “Kuna mtu namjua.” Nilipanda teksi mpaka Kipushi, nikamkuta Mama Mwape kati ya magunia yake, nikamweleza habari yote ya Kapinga na kikwembe. Jina lake yeye, nikamwambia, halijatoka kinywani mwangu.

Alisikiliza huku akipanga samaki. Nilipofika kwenye kikwembe aliacha kupanga.

“Banamushonea kilio, na eko hai?”

“Vile vile.”

“Basi nakuja. Miye mwenyewe nitamuonyesha. Na ule tantine, siku moja utanionyesha ye.”

Alikuja juma ya posho na gunia la samaki, maana Mama Mwape haendi mahali mikono mitupu hata akienda kuokoa mtu. Nilimketisha Kapinga nyuma ya pazia. Mama Mwape aliingia, akasalimia, akafungua vifungo nilivyomshonea kwa mikono yangu.

Kapinga alisogea kulitazama kovu. Akauliza kama anaweza kugusa.

“Gusa. Haiumi tena.”

“Ni ya zamani?”

“Mutoto yangu ya mwisho alikuwa ku mugongo. Sasa eko na ndevu.”

Kapinga akacheka, kisha akalia, na mwenzake akamwacha alie. Mama Mwape hakumpaka asali mdomoni. Alimwambia kupasuliwa si kitu ukilinganisha na dawa zinazofuata. Nywele zitatoka, kichwa kitabaki sawa na yai. Utatapika. Yeye alifikia kuchukia harufu ya samaki wake mwenyewe, biashara ikasimama. Alimtajia pia jirani yake aliyegusa kivimbe wakati mmoja naye, akangoja ndoto, akangoja mtumishi, akangoja wifi atoke safari. Huyo walimzika.

“Docteur akisema 'njo inaanza', haiko kukubembeleza,” akamwambia. “Anakupatia temps, wakati wako. Usiwape batu ya kilio temps yako.”

Kapinga akajipangusa uso. Akatoka nje ya pazia, akanyoosha kidole juu ya kabati.

“Mama Ngalula, ile kikwembe haiko ya bure. Nipime na miye, nitaivaa niko hai.”

“Sipimi,” nikamwambia. “Napimaka mwili mwenye iko. Enda hospitali, wapasue, urudi, njo nitakupima.”

Alikwenda. Asubuhi ya kupasuliwa, Mama Mwape alikaa naye kwenye korido ya hospitali tangu mapema, akiwafukuza kwa macho wote waliokuja na nyuso za mazishi. Bwana yake Kapinga, ambaye si mtu wa maneno, alijifunza kusonga bukari, ugali wetu. Bukari lake lilikuwa na madonge, lakini lilifika hospitalini likiwa moto kila siku. Walimu wenzake waligawana darasa lake. Hawakutoa hotuba. Mkitaka kujua msaada una sura gani, una sura ya mtu anayesahihisha madaftari ya mwenzake bila kuambiwa asante.

Na mimi nilikuwa nimelifungua robota la Tantine. Baada ya kupasuliwa, mkono wa upande ule unauma ukilala juu ya ubavu. Mama Mwape alinifundisha kushona mito midogo ya kuweka chini ya kwapa. Nilimshonea Kapinga mmoja. Mwanamke wa kitanda cha pili akautaka. Wa kitanda cha tatu pia. Kikwembe cha kilio kikaanza kuliwa kidogo kidogo, maua meupe yakasambaa wodi nzima, na kila Tantine alipokuja kuuliza nilimwambia kwamba kazi inaendelea. Kwa mara ya kwanza katika jambo lile, nilikuwa ninasema kweli.

Dawa zilikuwa kama alivyoambiwa, na siku nyingine mbaya zaidi. Kuna wakati Kapinga aligeukia ukuta, akakataa hata kwaya iliyokuja kumwimbia, na nilimwelewa, ile kwaya bila yeye haina sauti ya kwanza. Lakini alimaliza. Daktari akamwambia aendelee kuja kwa uchunguzi, akamruhusu kurudi darasani. Alikuja kwangu na nywele fupi kama za mtoto wa shule, akanyoosha mikono yote miwili, wa kushoto, upande uliokatwa ziwa, haukufika juu kabisa.

“Sasa niko,” akasema. “Pima.”

Nilimpima. Metre ilipita juu ya kovu, nikasoma namba. Mfuko wa mtama hakuutaka. Alitaka libaya likatwe bapa upande ule, kila mtu aone. Nikamkatia hivyo kutoka kipande cha mwisho cha robota.

Alikuwa amesimama mbele ya kioo, amelivaa, nami nimepiga magoti nikirekebisha upindo, ndipo Tantine Mbombo alipoingia kudai vikwembe vyake. Alisimama mlangoni. Kapinga akageuka pole pole, libaya jeusi, maua meupe, upande mmoja bapa.

“Tantine, inanienea?” akauliza. “Sasa uniambie. Kilio ni ya nani?”

Nilikuwa nimeingoja siku hiyo kama watu wanavyongoja mshahara. Nilikuwa na maneno yangu tayari, yamepangwa, makali. Tantine alianza kutoa lile libaya kuukuu kwenye mkoba, mikono ikitafuta tafuta, kama anajificha nyuma yake. “Nilikuja tu… unipime na ile.”

Kapinga akanivua metre shingoni. “Apana, Tantine. Acha Mama Ngalula akupime weye.”

Akamsogelea, akamwinua mikono kwa upole kama mwalimu anavyowainua watoto. Ule wa kulia ulikataa. Tantine akaubana ubavuni, na sauti niliyoisikia sikuwahi kuisikia kutoka kwa mwenyekiti wa kamati zote.

“Upande huu pole pole. Niko na kintu huku, tangu mvua ya kwanza ya mwaka ule.”

Ukali wote wa maneno yangu ukaisha. Mwanamke yule alikuwa amemnunulia mwingine kikwembe cha kilio huku amebeba kivimbe chake mwenyewe chini ya libaya, na alipomhesabu Kapinga kuwa amekwisha kufa, alikuwa anajizika naye. Bado ninasema ulikuwa upumbavu. Niliusema hata siku ile, lakini nililia nikiusema.

Kapinga hakuuliza tena kilio cha nani. Alifunga pazia.

“Kesho asubui tunaenda pamoja,” nikamsikia akisema. “Mama Mwape atatungojea ku korido.”

“Na kama nimechelewa?”

“Kama umechelewa ao uliwahi, docteur njo atasema. Haiko weye.”

Yaliyofuata ni ya Tantine Mbombo, na yeye yupo, muulizeni mwenyewe, mdomo anao. Mimi nawaambia la kazi tu. Tangu siku ile mpaka nilipofunga atelie, mteja aliyeniletea nguo kuukuu akasema nipime kwa hiyo, niliisukuma pembeni, nikafunga pazia, nikamwambia anyanyue mikono yote miwili. Ninyi pia fanyeni hivyo, hata kama atakasirika.